Dakika Tatu za Meli Iliyoitwa Ng'ombe

Weka simu chini kwanza. Hapana, usiweke, najua unasomea humo humo. Basi kaa, maana ninalotaka kukusimulia ukilisikia umesimama utatafuta pa kushika. Meli iliyoua watu thelathini na mmoja ilirudi baada ya miaka kumi na moja, ikaja kulala nyuma ya kibanda cha mwanamke ambaye ilimuulia mdogo wake, ikamletea kabati mpaka nyumbani kwake, na ndani ya kabati... Ngoja. Nisirukie huko. Utasema natia chumvi, na mimi sitii hata punje.

Meli yenyewe ilikuwa kikongwe. Ya mizigo, ya mvuke, za enzi zile ambapo mtu anashinda chini na sepetu akiilisha makaa kama anamlisha jini. Imebeba simenti, imebeba sukari, ngozi, mabati, na safari moja ilibeba mabafu mia mbili ambayo mpaka leo hakuna anayejua yalikuwa ya nani. Watu waliiita Ng'ombe kwa sababu ya honi yake. Ilikuwa hailii, inaroroma kama ng'ombe. Alfajiri moja ya ukungu ikagonga kivuko chenye watu arobaini na watatu. Mashua nyingine zilizokuwa jirani zikaokoa watu kumi na wawili. Ng'ombe ikapandishwa nchi kavu, ikashonwa pua kwa bati jipya, ikapakwa kijani, ikapewa jina jipya, miezi minne iko kazini. Baadaye ikauzwa, ikapewa jina la tatu. Lakini jina la meli huchomelewa ubavuni kwa herufi za chuma kabla ya rangi, kwa hiyo hata upake vipi, jua likilala upande majina yote matatu unayasoma, moja juu ya jingine, kama mtu aliyevaa mashati matatu na kola zote ziko nje.

Na ilipochoka kabisa, ikaletwa kukatwa chuma chakavu. Kiwanja cha kukatia meli kiko nyuma ya safu ya vibanda vinavyouza vitu vya melini. Kibanda cha nne ni cha Mama Vikombe.

"Umesikia?" Mama Vikombe alimuuliza mumewe, viatu bado viko miguuni. "Ng'ombe imekuja kuchinjwa."

Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Grisi, alikuwa anapuliza chai. Akaendelea kupuliza, na chai ilikuwa imepoa zamani.

"Ng'ombe gani?"

"Kwani una wangapi? Wameivuta jana mpaka kwenye matope. Wiki ijayo wanaanza kukata. Msimamizi kanipa vyumba vyote vya mabaharia. Vikombe, magodoro, taa, makabati. Nimeshaanza kuhamisha."

"Usilete kitu cha meli ile humu ndani."

"Heh!"

"Nimesema usilete."

Binti wa nyumba akacheka. Ana miaka kumi na minne, wanamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Mama Vikombe ni mama yake mkubwa. Mama yake mzazi alikuwa ndani ya kile kivuko. "Baba Mkubwa, kila kitu humu kimetoka melini. Hicho unachonywea kimeandikwa 'Mali ya Kampuni'. Mlango wa choo una kitasa cha kabini, mgeni akiingia anafikiri nyumba itaondoka."

"Mimi sikwenda kwa ajili ya vikombe," Mama Vikombe alisema, akikaa hatimaye. "Nilitaka nikaikanyage. Miaka kumi na moja imenikanyaga mimi."

"Ukanionyeshe na mimi pale Baba Mkubwa alipotupia kamba," Chiriku akasema.

Hapo lazima nikueleze kuhusu kamba. Grisi alikuwa mtu wa kupaka mafuta mashine za chumba cha injini ndani ya Ng'ombe, miaka kumi na tisa, na alfajiri ile alikuwa zamu. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe hivi: tuligonga, tukasimama, nikapanda juu mbio, tukatupa kamba dakika arobaini, mdogo wako sikumwona. Mama Vikombe alilishika neno hilo kama mtu anavyoshika ukuta gizani. Alimlea mtoto kwa hilo. "Mama yako hakuachwa. Baba yako mkubwa aliwatupia kamba."

Na kulikuwa na Mwalimu. Mwalimu ni mmoja wa wale kumi na wawili waliopona. Mkewe hakupona. Kwenye uchunguzi alisema meli iliondoka ikawaacha majini. Wakamletea daftari la meli, limeandikwa dakika arobaini, wakamuuliza kama na yeye alikuwa na saa mle majini. Watu wakacheka ndani ya ukumbi. Siku ya mazishi ya pamoja alikuwa ameshayasema maneno hayo hayo, na aliyemjibu alikuwa Mama Vikombe, mbele ya majeneza, kwa sauti iliyofika barabarani: "Mwongo wewe! Mume wangu alitupa kamba! Maji ya chumvi yamekupanda kichwani!" Basi likamganda jina. Mpaka leo watoto wakipita kwake wanaita, "Maji ya Chumvi! Saa ngapi?" Anaishi peke yake vichochoro viwili kutoka hapo. Hagongewi mlango na mtu mzima yeyote.

"Chai imepoa," Grisi alisema, akainuka, akaiacha.

Kesho yake Grisi alikwenda kwenye geti la kiwanja. Mlinzi alikuwa kijana, anachokonoa meno.

"Kibali, mzee."

"Nimefanya kazi humo miaka kumi na tisa."

"Ungechukua kibali humo humo basi."

"Dakika tano tu. Kuna kitu changu nilisahau."

"Miaka kumi na tisa hukukikumbuka, leo ndiyo unakikumbuka? Rudi nyuma ya mstari."

Akarudi nyuma ya mstari. Akasimama. Kutoka pale aliona bomba la moshi lenye kutu na dirisha la duara la kilichokuwa chumba chake. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Siku ya tatu mlinzi alipomwona tu akapaza sauti mpaka kwa mafundi wa gesi: "Jamani, mjane wa Ng'ombe kaja!" Wakacheka wote, mmoja akavua kofia ngumu akaiweka kifuani kama anatoa pole. Grisi alicheka nao kidogo. Ndivyo mtu anavyofanya akiwa hana mahali pa kuweka uso wake.

Jioni akamwambia mkewe, "Kesho nitakuja kukusaidia kubeba."

Mama Vikombe aligeuka mzima mzima. "Wewe? Kubeba?"

"Kwani mimi sina mikono?"

"Unayo. Ila tangu unioe haijawahi kubeba hata kisosi."

Lakini alifurahi, usimwone hivyo. Asubuhi alivaa gauni zuri zaidi kuliko la kazi, na njiani alitembea polepole ili wenye vibanda waone kwamba leo anaye mtu. Getini akamwonyesha mlinzi kibali chake. "Huyu yuko na mimi." Mlinzi akamwangalia Grisi, akasema, "Karibu, mjane," na Mama Vikombe akadhani ni utani wa wanaume.

Ndani ya meli Grisi alitembea kwenye korido yenye giza bila kugusa ukuta. Kila kizingiti alikiruka kabla mkewe hajakiona. Wakapita chumba cha injini, wakapanda ngazi zake, mkewe akipumzika mara mbili. Walipotoka juu sitahani mwanga ukawapiga machoni.

"Ni wapi?" Mama Vikombe akauliza.

"Nini?"

"Ulipotupia kamba."

Grisi akanyoosha mkono upande wowote. "Pale."

Mkewe akaenda pale. Akaweka kiganja juu ya chuma cha ukingo, akakiacha hapo, akainama kutazama matope chini kana kwamba mtu anaweza kumtazama kutoka kule. Hakulia. Alisema jina la nyumbani la mdogo wake, mara moja, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Alipogeuka, mumewe hakuwepo.

Alimkuta chini, kwenye kachumba kake ka zamani. Amepiga magoti. Sakafuni kulikuwa na matundu manne ya misumari ya kukaza na mraba wa rangi safi.

"Kabati liko wapi?"

"Kabati gani?"

"La hapa! La chuma, la kijivu. Lilikuwa hapa!"

"Nimelichukua siku ile ya kwanza. Liko nyumbani nyuma, chini ya turubai. Asubuhi nimemwambia Chiriku alisugue kutu, nimepata mteja... Wewe! Unakwenda wapi?"

Grisi alikimbia. Mzee wa miaka sitini na kitu, kifua kimejaa vumbi la makaa, alitoka mbio getini mpaka mlinzi akaacha kuchokonoa meno. Kofia yake ilianguka kwenye matope. Mama Vikombe akaiokota, akaanza kumfuata, anaifuta taratibu kwa kiganja. Sasa alikuwa hatabasamu.

Chiriku alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba, msasa umelala pembeni. Sehemu ya chini ya kabati ilikuwa na bati la pili, na bati lilikuwa limelegea. Chini yake alikuta kifurushi cha nailoni nyeusi kilichozungushiwa utepe wa gundi. Alikifungua kama mtu yeyote mwenye umri ule angekifungua. Ndani lilikuwamo daftari refu la jalada gumu. Hakuhitaji kuuliza ni la nani. Fomu zake za shule zimejazwa na mkono ule ule, na hakuna mtu mwingine anayeandika saba yenye mkanda kiunoni.

Grisi akatokea kwenye kona, anahema kama mvukuto. "Lete."

"Ni la kwako, Baba Mkubwa?"

"Chiriku. Lete hapa, mwanangu."

"Limeandikwa tarehe ya mama."

Hakulileta. Mama Vikombe akafika, akasimama nyuma ya mumewe na kofia mkononi. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine.

"Soma," akamwambia Chiriku. "Macho yangu hayaoni maandishi madogo."

Chumba cha injini kiko chini, hakina dirisha la kuonea bahari. Nahodha juu akivuta mkono wa amri, chini kengele inalia na mshale unaonyesha cha kufanya. Aliye chini anatii, anarudisha mshale kama jibu, na kila amri inaandikwa kwenye daftari kwa dakika yake. Ndicho Chiriku alichosoma, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisoma polepole.

"'Kumi na moja na dakika kumi na tisa, Nyuma Kabisa. Kumi na moja na dakika ishirini, Simama. Kumi na moja na dakika ishirini na tatu, Mbele Kabisa.' Halafu hakuna kitu, Mama Mkubwa. Mpaka 'Saa moja na dakika tano, Mbele Nusu.'"

"Rudia."

Akarudia.

"Ishirini mpaka ishirini na tatu," Mama Vikombe alisema, na alihesabu kwa vidole kama yuko kibandani. "Tatu. Baba, kutoka kule chini mpaka juu kuna ngazi ngapi?"

"Tatu."

"Vidato?"

"Hamsini na sita."

"Nimevipanda leo nikapumzika mara mbili. Wewe ulipanda hamsini na sita, ukatupa kamba, ukashuka, ukaandika, kwa dakika tatu."

Grisi akatazama matope kwenye viatu vyake.

"Hukupanda."

"Sikupanda."

Jirani aliwasha redio, akaizima. Mama Vikombe alimpa mumewe kofia, kwa adabu kabisa, kama unavyompa mtu baki kitu alichoangusha. Nadhani hapo ndipo Grisi alipoelewa.

"Kule chini huulizi," akaanza. "Kengele inalia, unafanya. Tulihisi mgongano, sote tukaanguka. Ikaja Simama. Tukasimama. Injini ikanyamaza, na ndipo tukasikia kitu ubavuni. Upande wa kulia, usawa wa kichwa changu."

"Kitu gani?"

Grisi akasogea kwenye kabati. Akakunja ngumi, akagonga kwa kifundo cha kidole. Mara tatu. Akangoja. Mara tatu tena.

"Mkuu wa injini akasema ni mbao za kivuko zinapigwa na mawimbi." Alitazama kidole chake. "Mbao hazipumziki. Hii ilikuwa inapumzika, halafu inaanza tena. Tukatazamana. Hakuna aliyesema. Halafu kengele, Mbele Kabisa. Mkono uliokuwa kwenye valvu ya mvuke ni huu."

"Alikuwa mama?" Chiriku akauliza.

"Sijui."

"Lakini inawezekana."

"Sijui, mwanangu. Naisikia kila siku na sijui ni mkono wa nani."

Maneno mengine yalitoka bila kuvutwa. Bandarini wakubwa wa kampuni walimpa daftari jipya, wakamsomea, akaandika. Arobaini. La zamani wakamwambia alitie motoni. Alifungua mlango wa tanuri, joto likampiga usoni, akashindwa. Siyo kwa wema, alisema mwenyewe. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kuandika dakika ya uongo, na yale ndiyo yalikuwa maandishi yake ya kweli ya mwisho. Alilificha. Kila mwaka alisema mwaka huu nitalitoa. Ndiyo maana alikuwa hachukui likizo. Siku alipopunguzwa kazi hawakumruhusu hata kushuka kuchukua nguo zake.

"Nahodha kafa," alisema. "Mkuu wa injini kafa. Likitoka hilo, wa kufungwa ni mmoja, na anayemlisha mtoto huyu atabaki mmoja. Na wewe, mama... ulisimama mbele ya watu ukasema. Watakuuliza." Akainua macho. "Wiki ijayo Ng'ombe itakuwa vipande. Kabati likienda kwa wayeyusha chuma na daftari ndani yake, yamekwisha. Hakuna atakayejua."

"Sisi watatu," Mama Vikombe alisema.

"Sisi watatu."

Aliingia ndani. Alikaa sana. Grisi na Chiriku walisikia sanduku likifunguliwa, likifungwa. Alipotoka alikuwa na kalamu. Akalichukua daftari, akaliweka juu ya kabati, akaliinamia mpaka pua ikakaribia karatasi. Kulia kabisa palikuwa na safu yenye kichwa cha Maelezo. Mbele ya kila amri palikuwa na neno moja au mawili. Mbele ya dakika ishirini palikuwa patupu.

"Hapa hukuandika."

"Sikuandika."

"Jaza."

Grisi alishika kalamu. Aliandika: *Kugonga. Ubavu wa kulia. Mara tatu tatu. Hatukujibu.*

Chiriku alisoma, kisha akaenda kuvaa viatu. Alivaa bila kuambiwa.

Walitembea kwenye vichochoro viwili vile wakiwa wameachana, kila mtu na hatua zake. Mbele Mama Vikombe, daftari limebanwa kwapani. Katikati Chiriku, ambaye siku hiyo hakuwa chiriku. Nyuma Grisi, kofia mkononi. Watu waliwasalimia, wakaitikia. Mwenye duka akamtania Mama Vikombe kwamba leo anauza vitabu. Akasema ndiyo.

Nyumba ya Mwalimu ina mlango wa bati na kizingiti kilichofagiliwa vizuri, kama cha mtu anayengoja wageni. Pembeni watoto walikuwa wamechora saa kwa mkaa, haina mishale. Grisi alisimama mita kumi nyuma.

"Mimi nitangoja hapa."

"Na kule ulingoja," mkewe alisema bila kugeuka.

Akanyanyua mkono. Ukabaki hewani. Aliyaona majeneza, akaisikia sauti yake mwenyewe inafika barabarani. Akagonga. Mara tatu. Akapumzika, siyo kwa makusudi, ni pumzi tu ilimwishia. Akagonga mara tatu tena.

Ndani kiti kikasogea. Hatua zikaja mpaka karibu kabisa, zikakoma. Chini ya mlango vikaonekana vivuli viwili vya miguu.

"Nani?" Sauti ya mtu aliyezoea watoto wagonge wakimbie.

Mama Vikombe akalikumbatia daftari kifuani. Chiriku akamtazama, akatazama nyuma. Na hapo Grisi akaanza kutembea, zile mita kumi zote, hatua moja baada ya nyingine, kama anapanda. Akafika. Akaweka kiganja kwenye bati.

"Ni mimi, Mwalimu. Wa chumba cha injini cha Ng'ombe." Akavuta pumzi. "Ulisema kweli. Tuliwasikia."

Mlango haukufunguka. Vivuli viwili havikusogea. Walisikia kitasa kikishikwa, kikaachiwa, kikashikwa tena. Ikapita dakika. Ikapita ya pili. Ng'ambo ya pili ya mlango kuna mtu aliyegonga chuma mpaka mkono ukachubuka, au aliyekaa majini karibu na mwenzake akigonga, na hakuna aliyemfungulia. Sasa waliomwacha wako nje, na yeye ndiye mwenye kitasa. Dakika ya tatu ikaanza.

Sema kweli, wewe unayenisoma, maana mimi nimelala na swali hili siku nyingi na bado sijui. Ungekuwa wewe ndani ya nyumba ile, umeshika kitasa, ungefungua?